Muulize Mpagazi: Utalalia nini porini wakati wa theluji?

Hapa Montana, Marekani, msimu wa kuwinda kwa bunduki hufunguliwa mwishoni mwa Oktoba na kwenda kama wiki tano, mpaka Jumapili inayofuata sikukuu ya Shukrani. Ndiyo maana barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari ya kulala. Kwa msomaji mgeni: nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa, zaidi njia ya Machame, kabla bahati nasibu ya viza haijanitupa Missoula. Huku nafanya useremala, na kila mwaka naingia msituni kutafuta elki, yule mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake hupita kilo 300. Mwaka ninaopata nyama, Wakongomani na Watanzania wa mtaani kwetu hawaulizi njia ya kuja kwangu.

*

*Jambo muzee. Mimi ni mtu wa Uvira, niko Missoula na familia tangu 2018. Rafiki wa kazini, mzungu, amenialika tuende kuwinda elki wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, usiku tano. Tutafika na pikapu mpaka mwisho wa barabara ya msitu, tutalala hapohapo. Ameniambia kila mtu aje na hema lake. Mimi niko na hema kubwa la watu wanane, tunalalamo na watoto kule ziwani wakati wa joto. Mke wangu anasema niongeze tu mablanketi. Litafaa?*
*Baba wa Watatu, Missoula*

Baba wa Watatu, hema hilo liache nyumbani. Nasema hivyo kwa sababu ndugu yake ndiye aliyenifundisha adabu.

Msimu wangu wa kwanza nilijiona fundi. Mtu aliyezoea kulala kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushee, ataogopa nini kwenye msitu wa mita 1,500? Nikanunua hema la bei poa, la watu sita, na godoro la upepo nene kama kochi. Usiku wa pili theluji ikaanguka kimyakimya. Kwenye saa nane nikasikia kitu kinakatika kama muwa. Ilikuwa nguzo ya hema. Paa likanilalia usoni. Lakini nikuambie ukweli: nilikuwa macho tangu saa nne. Nilijifunika mablanketi matatu juu ya begi la kulalia, na bado mgongo ulikuwa kama nimelazwa kwenye friza.

Lile godoro ndilo lililoniponza. Ndani yake hamna kitu ila hewa, na hewa hiyo haitulii. Inapozwa na ardhi, inapanda kukugusa mgongo, inakunyang'anya joto, inashuka tena. Usiku kucha nilikuwa naipasha joto ardhi ya Montana kwa mwili wangu.

Na hema la ziwani nalo lina makosa yake. Paa lake ni neti, na kile kifuniko cha juu kimekatwa kifupi ili upepo upite, jambo zuri sana mwezi wa saba. Nguzo zake ni nyembamba. Zaidi ya hayo ni kubwa mno. Mtu aliyelala hutoa joto linalokaribia la balbu moja ya zamani ya wati mia. Jaribu kupasha ukumbi wa harusi kwa balbu moja, utaona. Bibi yangu kule Machame alizaliwa kwenye nyumba ya msonge, ya duara, majani mpaka chini, mlango wa kuinama, na ng'ombe wanalala humohumo ndani. Watu wanacheka nyumba zile. Mimi baada ya usiku ule sikucheka tena: chumba kidogo, dari iliyo karibu, na ng'ombe watatu badala ya jiko.

Sasa tuje kwako. Watu wakiniuliza wanunue hema gani, mimi huwauliza kwanza watafikaje kambini. Wewe umeshajibu: kwa pikapu. Basi uzito si shida yako, na hapo hakuna kinacholishinda hema la turubai la pamba lenye kuta wima na jiko la kuni ndani. Kabla hujatoa hata senti, muulize rafiki yako kama kwao halipo. Wenyeji wengi wa huku wanalo gereji, mara nyingi lilikuwa la baba. Huenda amesema kila mtu aje na lake kwa heshima tu, maana huku watu wanaogopa kukubana. Mwambie waziwazi: “Nikileta kuni na chakula cha siku tano, tunaweza kulala hema moja?” Mimi nilimwambia hivyo mzee mmoja jirani yangu, mstaafu wa kiwanda cha mbao, na tangu siku hiyo sijawahi kulala peke yangu msituni. Anakoroma, lakini anaamka saa tisa kuongeza kuni bila kuombwa.

Turubai la pamba lina sifa moja ambayo nailoni haina: linapumua. Unyevu wa pumzi zenu na wa soksi zilizotundikwa unapita kwenye kitambaa na kutoka. Likiwa jipya, lilowesheni maji nyumbani na kuliacha likauke kabisa kabla ya safari. Nyuzi zinavimba na kuziba vile vitundu vya sindano. Bomba la moshi lipite kwenye kile kipande cha kitambaa kisichoshika moto kilichoshonewa paani, lipande kupita kilele cha hema, na mdomoni liwe na wavu wa kuzuia cheche. Miguu ya jiko isikae juu ya majani makavu. Tafuteni sinia la bati au mawe bapa. Kuni nzuri upande huu wa Montana ni za ule msonobari unaogeuka dhahabu mwezi wa kumi na kupukutisha sindano zake. Wenyeji wanauita tamaraki. Ile misonobari mingine myembamba inawaka kama karatasi, utaamka kila saa. Na bado jiko litazima. Ukiniuliza jiko lina kazi gani, nitakuambia ni la kuvulia nguo, kukaushia buti na kuamkia. Usiku wenyewe unalala kwa matandiko yako.

Ndiyo maana nasema mke wako ana haki nusu. Mablanketi yaje, ila yaende chini. Begi la kulalia linakupa joto kwa sababu limefura. Upande unaoulalia umebanwa na uzito wako, umekuwa kama shuka. Kati yako na ardhi kunatakiwa kitu kisichobanika. Matresi za kulalia siku hizi zinaandikwa namba yenye herufi R, ya jinsi zinavyozuia baridi ya ardhi, na tangu 2020 makampuni mengi yanapima kwa njia moja, kwa hiyo unaweza kulinganisha. Sponji ile ngumu ya kukunja, kama zile za wageni wetu mlimani, ina R ya 2 hivi. Kwa theluji tafuta 5 kwenda juu. Uzuri ni kwamba namba hizo zinajumlishwa: sponji ya 2 chini, matresi ya kujaza upepo ya 4 juu yake, una 6. Ila hiyo ya kujaza upepo iwe ya kulalia porini, yenye nyuzi au tabaka ndani za kuzuia hewa isizunguke. Lile godoro la wageni la sebuleni liache kwa wageni. Na kama una kitanda cha kukunja, usidhani umeepuka ardhi. Hewa baridi inapita chini ya kitanda kama chini ya daraja, kwa hiyo weka matresi juu yake vilevile.

Begi la kulalia: usiamini namba kubwa iliyoandikwa mfukoni. Begi lililoandikwa 20 kwa vipimo vya huku, yaani kama -7 kwa Selsiasi, mara nyingi linasema kikomo. Mwanamume aliyejikunja anaweza kulimaliza usiku humo bila kuganda, basi. Kiwango cha starehe ni namba nyingine, iko kwenye lebo ndogo, na huwa digrii kadhaa juu. Mwanzoni mwa Novemba milima ya huku usiku unaweza kufika -15, kwa hiyo tafuta begi la sifuri la Fahrenheit, ambalo ni -18. Ukikosa, ingiza begi moja ndani ya jingine. Ya manyoya ya bata ni mepesi lakini yakilowa yanasinyaa kama kuku aliyenyeshewa. Ya nyuzi za kiwandani ni mazito na bei yake ina huruma. Wewe una pikapu. Chukua mazito. Na atakayekutisha na habari za Rogers Pass, ile njia ya mlimani huku Montana, kwamba Januari 20, 1954 palishuka -57, mwambie hiyo ilikuwa Januari na wewe unarudi kazini Jumatatu.

Mahali pa kusimamisha hema. Hewa baridi ni nzito, inateremka kama maji na kulala bondeni. Kando ya kijito panapendeza, ila asubuhi utavunja barafu kwenye ndevu. Mwaka jana nilining'iniza kipimajoto kijitoni na kingine kwenye bega la mlima, juu kidogo tu, mwendo wa kumaliza sigara. Palikuwa na tofauti ya digrii nne. Pandeni kidogo, mlango uangalie mbali na upepo. Halafu kabla ya kushusha mzigo inua macho. Mbawakawa wa magome wameua misonobari mingi sana huku, nayo imesimama mikavu ikingojea upepo. Usilale chini ya mti mfu hata kama ndipo mahali pekee palipo tambarare.

Chakula kisilale nanyi, wala dawa ya meno, wala zile nguo ulizochunia mnyama. Dubu wengi mwanzoni mwa Novemba bado hawajaingia kulala usingizi wao wa majira ya baridi, na nyama ya elki inawaita toka mbali. Sehemu nyingi za misitu ya serikali huku sheria inataka chakula kifungiwe kwenye chombo kisichofunguliwa na dubu au kining'inizwe, futi 10 kutoka chini na futi 4 kutoka kwenye shina. Nyama iwekeni mbali, hatua mia na zaidi kutoka hema. Ile chupa ya dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu iwe karibu na kichwa, ukijua iko wapi gizani.

Mambo ya karatasi harakaharaka: kama umezaliwa baada ya Januari 1, 1985, unatakiwa uwe umepita mafunzo ya usalama ya wawindaji kabla ya kununua kibali. Na rangi ya chungwa inayong'aa ni lazima, inchi za mraba 400 juu ya kiuno. Fulana ya kizibao inatosha.

*

*Shikamoo Mpagazi. Mume wangu ameona hema la turubai la dola 2,100. Ameenda kuwinda mara moja tu katika maisha yake, akarudi na mafua. Tuna watoto, tuna kodi. Naomba umwambie kitu, maana mimi hanisikii.*
*Mama Mwenye Hesabu, Boise, Idaho*

Marahaba, mama. Shemeji, kama unasoma hapa, kaa kitako.

Bei hiyo si ya wizi. Hema jipya la turubai zuri, na fremu yake na jiko, hupita dola 1,500 bila taabu. Ila shemeji, mafua yale hayakuletwa na hema. Nina hakika ulilala juu ya kitu chembamba ukiwa na nguo ulizotokea jasho mchana. Dola 200 za matresi zingekutibu. Anza na hizo. Ukienda tena mara mbili na ukarudi unacheka, tuzungumze habari ya turubai.

Wakati huo kuna nyumba ndogo za idara ya misitu, za magogo, nyingine zamani zilikuwa za walinzi wa moto, juu kabisa ya mlima, madirisha pande zote nne. Zinakodishwa kwa usiku kupitia tovuti ya Recreation.gov. Nyingi zina jiko la kuni na vitanda vya mbao. Maji na matandiko unakuja nayo. Wanne mkichanga, mtalala pazuri kwa fedha ambayo mama hatainunia. Ubaya wake ni kwamba wiki za msimu wa kuwinda zinagombewa, na kwa vile haihamishiki, elki wakiwa bonde la pili utawafuata kwa miguu.

Na kama lazima ununue, nunua lililotumika, na nunua Januari. Msimu umeisha, watu wanataka kusafisha gereji, bei imelegea. Usikubali kuoneshwa likiwa limekunjwa. Lisimamishwe. Ingiza pua kwanza kabla ya macho: ukungu una harufu ya gunia la mahindi lililonyeshewa, na harufu hiyo haitoki. Vidoa vyeusi pembeni mwa ukingo wa chini ni ukungu uleule. Vuta mshono wa paa kwa nguvu za mtu anayevuta mlango, tazama kama nyuzi zinatengana. Angalia kitambaa kinachozunguka bomba, kama kimekuwa kikavu na kinapukutika. Zipu mbovu isikutishe, fundi cherehani ataibadili.

Kwa watu wawili, mama, futi 10 kwa 12 linatosha. Wauzaji watamwambia achukue 14 kwa 16 ili apate nafasi ya kupumua. Nafasi hiyo ataijaza kuni.

*

*Bwana Mpagazi, habari za huko. Mimi ni Mkenya, niko Minnesota. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo hii mambo sikurithi kwa mtu, najifunza ukubwani. Mwaka jana mimi na shemeji tulilala kwa hema ya nailoni na hita ndogo ya gesi ndani, tukafunga kila mahali ndio joto isitoke. Asubuhi dari ilikuwa inanyesha kama mvua, slipingi begi zimelowa, na kichwa kilikuwa kinaniuma vibaya. Shemeji alitapika. Tukadhani ni ile nyama ya jana. Tununue hema gani isiyotoa maji?*
*Mkenya wa St. Cloud*

Ndugu yangu, sahau maji kwanza. Nyama haikuwa na kosa. Kichwa kuuma na kutapika asubuhi ndani ya hema lililofungwa na moto unawaka ni dalili za kaboni monoksidi. Ni gesi isiyo na harufu, isiyo na rangi, inayotokea moto unapokosa hewa ya kutosha. Inashika damu mahali pa oksijeni, na mtu anazidi kusinzia. Wewe umekulia kwenye baridi ya mwezi wa saba kule nyanda za juu, umesikia habari za jamaa waliolala na jiko la mkaa chumbani wakakutwa asubuhi. Ni kifo hichohicho. Mlikuwa mlangoni mwake, wewe na shemeji.

Kwa hiyo mwaka huu: hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea nje haiwashwi mkiwa mmelala, hata kama kwenye boksi imeandikwa ni ya ndani. Washeni jioni mkibadili nguo, matundu ya juu na ya chini ya hema yakiwa wazi, kisha zimeni kabla ya kujifunika. Asubuhi mmoja ajitoe mhanga kuwasha tena. Mkaa ndani ya hema usiingie hata ule unaoonekana umekufa. Nunueni king'ora cha kaboni monoksidi cha betri, kikae usawa wa vichwa vyenu, na betri ziwe za lithiamu kwa sababu za kawaida baridi inazimaliza. Mkilala kwenye gari nako ni hivyohivyo: usiache injini inawaka huku theluji inafunika ekzosi.

Sasa maji. Gesi ya propeni inapoungua inazaa maji, na si kidogo: kilo moja ya gesi inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Ongeza pumzi za watu wawili usiku mzima, na nailoni isiyopumua, na matundu mliyoyaziba. Ule mvuke ukigusa dari baridi unageuka matone, au jalidi ukizima hita, kisha jalidi inawanyeshea jua likitoka. Hema halikuvuja. Mlilinyeshea wenyewe kutoka ndani.

Watu wengi hawaamini nikiwaambia wafungue matundu usiku wa -12. Lakini hema kavu lenye -8 ndani unalala, hema bichi lenye -3 hulali. Mlimani tulikuwa tunawaona wageni wa siku ya kwanza wanafunga zipu mpaka ya mwisho, na asubuhi wanatoka wamelowa nywele, wakati hema la jirani aliyeacha upenyo wa kiganja liko kavu.

Jiko la kuni halina shida hiyo kwa sababu bomba linatoa nje moshi na mvuke wote, na moto unavuta hewa mpya kupitia chini ya hema. Wapo mafundi wanaotengeneza mahema mepesi ya nailoni yenye umbo la msonge, nguzo moja katikati, hayana sakafu, yenye jiko dogo jembamba la titani linalokunjwa. Ukiwinda kwa miguu mbali na gari, hilo ndilo chaguo langu. Jiko lenyewe linakula vijiti tu na linazima ndani ya saa moja, lakini saa hiyo inatosha kukausha soksi na kurudisha akili. King'ora chukua hata hapo.

*

*Mpagazi usinicheke. Nawinda na mume wangu. Shida yangu si hema, ni kukojoa usiku. Natoka mara mbili, nikirudi silali tena. Pia nivae nini? Navaa nguo zote nilizonazo na bado natetemeka.*
*Dada wa Aurora, Colorado*

Sicheki, dada. Kubana mkojo ndiko kunakokunyima usingizi, kutoka nje ni nusu tu ya kosa. Chupa ya mdomo mpana, na siku hizi kuna kikombe chenye mrija kilichotengenezwa kwa wanawake. Fanya mazoezi nyumbani bafuni, usijaribu mara ya kwanza ndani ya begi la kulalia. Funga kamba nene shingoni mwa chupa hiyo ili mkono uijue gizani. Sitasimulia kwa nini nasisitiza kamba.

Nguo zote ulizonazo zina jasho la mchana, na zikikubana ndani ya begi zinalisinyaza. Vua zote. Vaa seti moja kavu isiyotoka begini mpaka saa ya kulala, soksi za sufu zisizobana, na kofia. Kula kitu cha mafuta kabla ya kulala, karanga au chapati iliyopakwa siagi, mwili uwe na kuni zake. Chemsha maji, tia kwenye chupa isiyovuja, ivike soksi, iweke katikati ya mapaja. Asubuhi una maji ya kunywa ambayo hayajaganda. Buti ziingie begini miguuni, ndani ya mfuko.

*

*Shikamoo mzee. Mimi ni mpagazi, nina miaka 22, nimeanza mwaka huu. Nilisikia kwa mjomba kwamba huko unalala ndani ya hema lenye jiko na bomba. Kwa nini makampuni ya huku yasilete mahema hayo? Sisi bado tunalala hema la chakula.*
*Kijana wa Machame*

Marahaba, mwanangu. Umenikumbusha mbali. Hema la chakula nalijua kama sebule ya mama yangu. Mnasubiri wageni wamalize supu, wamalize chai, wamalize hadithi, ndipo meza zitolewe mlale kumi na wawili mkiwa mmepangwa kama samaki wa kukaanga. Joto lilikuwepo, nisiseme uongo. Tatizo lilikuwa chini, na aliyelala mlangoni.

Turubai haliwezi. La futi 12 kwa 14 peke yake ni kama kilo 30, bila fremu, bila jiko, na wewe getini wanakupimia 20. Halafu kuni: hifadhi hairuhusu kukata wala kuwasha moto, na ni haki, ule msitu ungekwisha. Jiko la bomba utalionea Montana.

Lakini mambo mawili yako ndani ya uwezo wako. Kwanza, pale Moshi kuna mradi wa kusaidia wapagazi ambao unaazimisha nguo za mlimani bila malipo. Nenda na kitambulisho chako kabla ya safari, usingoje mpaka upate baridi. Pili, usilale juu ya turubai la sakafu moja kwa moja. Sisi tulikuwa tunakusanya mabegi ya mizigo yaliyokwisha kufunguliwa, tunayatandaza, kamba juu yake, viroba vitupu juu ya kamba. Kipande cha sponji ngumu kinachofika kutoka mabegani mpaka nyongani hakizidi nusu kilo, kifunge nje ya begi lako. Miguu iweke juu ya begi tupu. Ukigombea nafasi, gombea ya katikati, na muwe mnabadilishana na wa mlangoni kila kambi, Shira huyu, Barranco yule, Karanga mwingine. Kikosi chetu kilikuwa na zamu hiyo na hatukugombana, isipokuwa Barafu, ambako kila mtu alisahau zamu ya nani.

Ukishuka niandikie ulilalia nini.